Alihesabu hata soda

Shangazi,

Ni saa tisa usiku, stima imerudi sasa hivi na nakuandikia kabla haijapotea tena. Tafadhali usianze kwa kuniambia nisali. Nimesali.

Huyu mtu, baba ya binti yangu, unamjua hata kama hujamwona. Alikuja kortini na daftari la kurasa 32, lile la watoto wa shule, ameandika kila alichomnunulia binti yake tangu tuachane. Sandali 300. Chipsi 150. Nauli 100. Soda 50. Soda, Shangazi! Akamwomba hakimu azikate kwenye deni lake la matunzo ya mtoto.

Pale korti ya Milimani, Nairobi, mwaka 2019 aliamriwa alete 9,000 kwa mwezi na nusu ya karo. Hiyo 9,000 sikuitunga mimi. Hakuna jedwali la kupimia. Hakimu aliuliza kila mmoja wetu anapata nini, mtoto anahitaji nini, akaamua. Mimi nikabaki na nyumba, chakula na nusu yangu ya karo. Sijawahi kusema abebe peke yake. Katiba yenyewe inasema mzigo ni wa baba na mama, wawe wameoana au la, na sisi harusi hatukufanya.

Mwanzoni alilipa, siwezi kumsingizia. Kisha vikaja vipande, mara 2,000, mara 1,500, halafu kimya. Anasema matatu aliyokuwa akiendesha iliuzwa. Sawa, gari huuzwa. Si angerudi kortini akaomba amri ipunguzwe? Alijipunguzia mwenyewe, kwa simu. Kwa hesabu yangu deni ni 86,000. Kwa daftari lake ni 61,000 na ushei.

Soda zake zilikataliwa, akapewa siku 30 alipe. Zikaisha. Hati ya kumkamata ikatolewa, na iko kwenye mkoba wangu wiki ya tatu sasa, imekunjwa pamoja na risiti za karo. Sijaifikisha stesheni ya polisi. Mama yake hunipigia kila jioni: "Mwanangu, kweli utamfunga baba ya mtoto wako?" Mama huyo ndiye aliyenikanda na kunipikia uji nilipojifungua, siwezi kumjibu vibaya. Karani aliniambia hata akilala ndani, deni halifutiki. Lakini akiwa ndani atalipa na nini? Na nisipoipeleka atadhani namwogopa. Nataka afungwe. Hata siku mbili tu. Aa, sijui.

Kuna jambo jingine, si kubwa. Tangu Februari sijamruhusu amwone mtoto. Usinikaripie, afisa wa watoto ameshanikaripia. Alisema matunzo ni kando na kumwona mtoto ni kando, sina ruhusa ya kuzuia hili kwa sababu ya lile. Nilimsikia. Lakini nimtoe mtoto, arudi amenunuliwa soda nyingine, iandikwe daftarini?

Binti sasa yuko Gredi ya 7. Ile 9,000 ilipangiwa mtoto wa Gredi ya 1, wakati huo hakukuwa na sare ya shule ya juniori wala pedi. Mwenzangu tunayeuza naye mitumba Gikomba ananisukuma niombe amri ibadilishwe, iongezwe. Naweza. Ila nitaapa upya mapato yangu na kutoa taarifa ya M-Pesa, na humo mna pesa za chama chetu cha akiba, kwa kuwa mimi ndiye mweka hazina. Si zangu! Lakini yeye atakaa nazo usiku kucha na kalamu, aziite zangu, alivyoita soda matunzo.

Jumapili mtoto aliniuliza, "Mama, kama ile soda ningeikataa, ungelipwa?" Sikumwambia mimi. Lazima alinisikia nikimsimulia dada yangu kwa simu. Siku hizi akipewa kitu, hata ndizi, anauliza kwanza ni pesa ngapi.

Asubuhi nikienda Gikomba napita mbele ya stesheni, hata si kuzunguka. Niingie? Na nikiingia, jioni nyanya yake akipiga, nimwambie nini?

Mama Gredi ya 7,
Kayole