Kwako uliyeweka sinia chini ukaondoka

Shoga yangu,

Jina lako silitaji, ingawa wenzetu wa Jumamosi watakujua kabla sijamaliza aya hii. Nimepiga, simu inaita mpaka inakata. Nimeandika, tiki mbili za bluu, kimya. Jumanne nikakurudishia ile elfu hamsini uliyoniongezea kwenye pasipoti, pamoja na ya kutolea. Hazikupita dakika kumi ikarudi yote, na ya kutolea juu. Hapo ndipo nilipojua una hasira ya kweli, maana wewe ni mtu wa kudai hata nauli ya daladala ya mwaka juzi.

Basi naandika hapa, mahali ambapo huwezi kunikatia simu.

Naondoka Jumapili. Nakuambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia akanielewa: wiki nzima silali vizuri na wala sichoki. Nikishtuka usiku naenda kuangalia kama pasipoti bado ipo kwenye droo. Naifungua kwenye ukurasa wa viza, nasoma jina langu polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi, ambaye mbali kabisa nilikowahi kufika ni Dar, kwa basi, kwenda ubalozini, na nikatapika kabla hatujafika Tinde! Würzburg, Ujerumani, shoga yangu. Mji ndugu wa Mwanza tangu 1966, mama zetu hawajazaliwa. Tumekua tukiwaona wageni wa kule wanakuja na kuondoka, wanakuja na kuondoka, na hakuna aliyetuambia kwamba hata sisi tunaweza kwenda. Mwaka mzima nitajitolea kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ziwa hawana. Wana mto, unaitwa Main, na vilima vilivyopandwa zabibu. Harufu ya dagaa wa Mwaloni sijui nitaitafuta wapi.

Nilikwenda soko la Mlango Mmoja kutafuta koti la baridi. Nikapata moja la bluu, zito, elfu kumi na tano baada ya kubishana mpaka muuzaji akaniuliza kama mimi ni Mkara. (Nikamjibu rafiki yangu ndiye Mkara, mimi amenifundisha tu.) Kufika nyumbani natia mkono mfukoni, natoa kikaratasi kimefifia: tiketi ya basi, ya Kijerumani. Koti lilikuja Mwanza kwenye robota la mitumba na sasa linarudi kwao likiwa na mtu ndani. Nilicheka peke yangu chumbani. Kisha nikashika simu nikupigie, nikakumbuka.

Wewe ndiye uliyenipeleka mto Mirongo mara ya kwanza, kuopoa taka. Nilidhani kujitolea ni kupiga picha na fulana mpya. Ukanipa mabuti yako ya mvua na wavu wa mpini mrefu, wewe ukaingia na ndala. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 watu walisema kazi itaisha, lakini chupa hazikusikia tangazo. Tukamaliza tunakaa juu ya mwamba, tunamenya machungwa ya Ukerewe, tunasoma fursa kwenye simu yako yenye kioo kilichopasuka: mkutano wa vijana Addis, mafunzo ya uongozi Nairobi, hii wanalipia kila kitu, hii wanalipia nusu, hii matapeli. Ulikuwa na jicho la kutambua matapeli. Ukiona wanadai ada ya fomu unasema, "Pita hivi."

Na ni palepale juu ya mwamba uliponisimulia habari za mama mdogo. Mara moja tu. Hukulia. Ulikuwa unamenya chungwa na ganda halikukatika mpaka mwisho.

Wanaosoma wengine wataniwia radhi, nalazimika kueleza. Alhamisi, 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichotengenezwa kwa watu 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, watu wakitoka gulioni Bugolora. Zaidi ya 200 walikufa. Mama yake mdogo rafiki yangu alikuwemo. Rafiki yangu alikuwa kidato cha nne hapa mjini. Akaenda na mama yake kutafuta. Wakamtambua kwa kitenge, cha njano chenye michoro ya feni. Vitenge vya namna ile vilikuwa vingi. Lakini kile upindo wake aliushona rafiki yangu mwenyewe wakati wa likizo, uzi wa njano ukamwishia, akamalizia kwa mweusi.

Ule uzi mweusi ndio niliouandika.

Najua unavyosema. Na mimi nina ya kusema. Fomu ilikuwa na swali la tatu: eleza tukio lililokufanya uwe kiongozi. Maneno 300. Wewe unalijua lile swali, tulilisoma pamoja. Nikakuambia, andika habari ya Ukara, hakuna atakayekupita. Ukasema, "Siendi Ulaya kwa mgongo wa mama mdogo." Ukafunga simu, ukaniuliza kama nina sabuni ya kunawia mikono. Sasa mimi niandike nini? Kwamba nilizaliwa Kirumba, nikasoma Kirumba, na baba anauza vipuri vya bodaboda? Kwetu nako tuna mtu kwenye makaburi ya Igoma, babu mdogo aliyezama na meli ya MV Bukoba, 1996, lakini mimi sikuwepo duniani. Kila Mei 21 bibi anakwenda na mimi nabeba mwavuli. Hilo ndilo tukio langu: kubeba mwavuli.

Mwanzo niliandika "mama mdogo wa rafiki yangu." Kwenye kundi nimeshaeleza, na wewe umesoma, kwamba maneno yalizidi, fomu ikawa inagoma, nikaanza kupunguza moja moja mpaka likatoka na hilo la "rafiki." Na halikunisumbua sana, maana hebu niambie: si wewe mwenyewe uliyenikataza kumwita "mama yako mdogo" kila tunapomtaja? Ulisema, mama mdogo ni mama mdogo, usinigawie. Mama yako mimi namwita mama. Mdogo wako akikosa ada namwambia baba yangu. Sisi kwetu mtu haulizwi "wako kivipi." Tatizo ni kile Kiingereza, hakina nafasi ya mtu kama mimi; ama ni shangazi yako wa damu au si wako.

Pale kwenye mahojiano, yule mama wa upande wa pili wa video alianza kwa Kiswahili, alishaishi Tanzania. Akasema, "Pole sana kwa kumpoteza mama yako mdogo." Nikasema, "Asante."

Ningeweza kusema kitu pale. Nafasi ilikuwepo, intaneti haikukatika. Nikasema asante nikashusha macho kama mfiwa. Akaniuliza tukio lile lilinibadilisha vipi, nikamwambia tangu siku ile kila nikipanda kivuko nahesabu watu. Wewe ndiye unayehesabu. Kila tukivuka Kamanga unasimama pembeni, midomo inatembea, na mimi nakusemesha makusudi upoteze hesabu.

Lakini siku yenyewe, pale nyumbani, sikupanga mimi. Hilo naomba ulikubali hata kama mengine huyakubali. Ulikuja alfajiri na mama yako kumenya vitunguu saumu, pilau ya kuniaga mimi. Mratibu wetu, kwa nia njema kabisa, alilitafsiri lile andiko "ili wazazi wajue mtoto wao ameandika nini." Mimi sikujua mpaka aliposimama nalo mkononi. Mama yako alikuwa kwenye mkeka karibu na bomba. Wewe ulikuwa unatoka jikoni na sinia. Alipofika kwenye upindo wa kitenge, nilimwona mama yako anainua uso. Akasema, taratibu, kama mtu anayeuliza bei: "Uzi mweusi?"

Uliweka sinia chini. Hukuliweka kwenye mkeka wala kwenye meza. Uliliweka pale mchangani, kuku wakaja. Ukamshika mama yako mkono, mkatoka kwa mlango wa uani, na mratibu akaendelea kusoma kwa sababu hakuelewa. Nilikaa nimevaa gauni jipya nikasikiliza mpaka mwisho, na watu wakapiga makofi. Mama yangu akaja kuokota nyama mchangani, anasema kwa sauti ya chini, "Nani kaweka chakula hapa?"

Hapo sikulaumu. Hata mimi ningeondoka. Ninacholaumu ni cha usiku ule. Saa tatu na dakika arobaini, kwenye kundi la watu 63: "Hongera. Msiba wetu umepata viza."

Kulikuwa na watu waliocheka, unajua? Mmoja aliweka kile kikatuni cha kulia kwa kicheko. Ungenipigia ukanitukana, ningekaa kimya mpaka umalize. Ungekuja ukanizaba kibao mbele ya mama yangu. Lakini wewe unajua kuchagua maneno, siku zote umenizidi hapo, na ukachagua ambayo sitaweza kuyatoa kichwani nikiwa naonyesha ile viza kwa askari wa uhamiaji. Nilimwibia marehemu, sawa. Wewe ukamtoa tena, kwa watu 63, ili unipige naye. Tofauti yetu ni ipi? Nauliza tu.

Na si kwamba njia ilifungwa kwako. Siku zote mimi nilikuwa nakuita, wewe unasema wanachukua wenye Kiingereza. Darasa la Kijerumani ulikuja mara mbili, ukaacha kwenye *der, die, das*, ukisema lugha inayoita msichana "kitu" huna muda nayo. Bado hujachelewa. Hii programu mwisho wao ni miaka 28. Umoja wa Afrika nao wanachukua wa kujitolea, 18 hadi 35, mwaka mzima, hata Kijerumani hawakuulizi. Anza na pasipoti, 150,000, usisubiri fursa ndiyo uanze kuitafuta. Na kabla ya hapo nenda RITA, cheti chako cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA vinatofautiana herufi moja kwenye jina la baba, nilikuambia mwaka jana. Wakikuuliza lile swali la tatu, andika lako. Usiandike la mwenzio, hata kama yeye halitumii, hata kama limekaa tu pale bila kazi na lingeweza kumfungulia mtu mlango, hata kama...

Maneno hayakuzidi. Yalikuwa 287. Nilihesabu usiku ule, na nimehesabu tena leo. Neno "rafiki" lingeingia na nafasi ingebaki.

Jana nilikwenda kwenu. Nilichagua saa ambayo najua uko kazini. Mama yako alikuwa anachagua mchele barazani. "Shikamoo mama." "Marahaba." Akanisogezea kigoda, akaniletea chai na mihogo ya kuchemsha. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Buzuruga, yote yakapotea. Akaniuliza kama huko kuna baridi sana. Nikasema ndiyo. Akaniuliza wazee wa huko kama hawana watoto wa kuwatunza. Nikasema wanao, wanafanya kazi. Akapepeta, akapuliza makapi.

Halafu akasema, bila kuniangalia, "Kwenye ile karatasi jina lake hukuandika."

Nikafungua mdomo kumwambia maneno hayakutosha. Shoga yangu, nilikuwa silijui. Miaka yote hii. Mama mdogo, mama mdogo, mama mdogo. Mama yako aliniona usoni. Akalitaja, majina yote matatu, na la Kikara alilopewa na bibi, akarudia kutaja ili nilishike, kisha akaniambia chai inapoa.

Sitaliandika hapa.

Ndege ni saa nne asubuhi, Jumapili. Sikuombi uje, watakuwepo watu wengi na wote watatutazama sisi. Mabuti ya mvua nimeyaosha, yapo kwa mama yangu nyuma ya mlango wa jikoni. La kushoto bado linavuja kisigino, nilibandika kipande cha tyubu ya baiskeli lakini sikiamini. Litazame kabla hujaingia nalo mtoni.