Karatasi za mashamba: tafadhali someni kabla ya Jumamosi

Habari za jioni ndugu zangu. Nimepitia picha za hati mlizotuma na nina wasiwasi. Wengi tunaoishi Dar na mashamba yetu yako Mkuranga, Kisarawe au Bagamoyo tumeshika karatasi ya mauziano yenye saini ya muuzaji, mashahidi na mhuri wa mjumbe. Haitoshi. Kama ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka idhini ya halmashauri ya kijiji, siyo ya mwenyekiti peke yake sebuleni kwake. Ombeni nakala ya muhtasari wa kikao.

Linaloniuma zaidi ni mashamba yaliyolala. Mtu akikalia eneo lako miaka 12 umenyamaza, dai lako linaweza kutupwa kwa ukomo wa muda. Ukikuta mihogo mipya ndani ya mpaka wako wa minyaa, nakuomba usiing'oe. Kuharibu mazao ya mtu kunaweza kukugeuza mshtakiwa. Piga picha, mwandikie mtendaji wa kijiji, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri. Baraza la ardhi la kijiji husuluhisha tu. Mkishindwana, pitia kwanza baraza la kata, kisha nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Waliorithi, msiuze hata robo eka kabla mahakama haijateua msimamizi wa mirathi.

Jumamosi saa nne asubuhi, palepale. Njooni na hati halisi pamoja na kopi. Mama zetu wasioweza kufika, nipigieni, nitazipitia hukohuko nyumbani.