Barua kwa Mwanangu Anayetaka Kusoma Mawe

Mamangu,

Assalaamu alaykum. Sisi hapa Malindi hatujambo. Nyanya yako anakusalimu, anasumbuliwa na magoti tu.

Nimeyafikiria sana maneno ya ami yako siku ya Idi, uliposema unataka kusoma jiolojia. Ami yako anakutakia heri, nalo hilo usilisahau kamwe. Lakini aliposema kwamba hilo ni somo la watu wa mafuta na dhahabu, na kwamba pwani yetu haina volkeno wala zilizala ya kuitia mtu hofu, sikukubaliana naye. Sikutaka kubishana naye mbele ya wageni, ndipo nikaona nikuandikie.

Jiwe unalolikanyaga kila siku ni matumbawe. Mwamba ulioibeba nguzo ya Vasco da Gama na ile iliyochongoka ufukweni kuelekea Watamu, yote iliota ndani ya maji. Yapata miaka 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto, barafu ya kaskazini na kusini ilikuwa imepungua, na bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Barafu iliporudi, maji yakashuka, matumbawe yakabaki juani yakawa jiwe. Jiwe hilo ndilo wazee walilolichonga wakajengea mji wa kale wa Gede, na kuta za nyumba yetu ni hilohilo. Usikae ukaamini, mamangu, kwamba mstari wa bahari ulichorwa mara moja ukaisha.

Kule kwenye makorongo ya Marafa umeshafika na shule. Wagiriama wana kisa chao cha matajiri waliooga maziwa hadi Mungu akaididimiza ardhi yao, na ninakipenda kisa hicho. Mwanajiolojia ataongeza kwamba ule ni mchanga laini wenye tabaka nyeupe, nyekundu na za manjano, na kwamba mvua bado inaukata kila masika. Waliosimulia kwanza walikuwa wameona jambo la kweli: ardhi pale haijatulia.

Na mto Sabaki! Watu hulalamika tu kwamba maji ya ghuba yamekuwa mekundu na ufuo umesogea mbali. Watafiti walitoboa tumbawe kubwa katika hifadhi yetu ya bahari, tumbawe ambalo lilikuwa likiota kwa karibu miaka 300, wakapima kilichomo katika tabaka la kila mwaka. Wakakuta kwamba kuanzia 1700 hadi 1900 udongo ulioletwa na mto haukubadilika sana. Baada ya hapo ukazidi mfululizo, na kati ya 1974 na 1980 ukafika mara tano hadi kumi ya kawaida yake. Ni mashamba ya bara, watu walivyoongezeka na kukata miti. Hakuna mzee yeyote Malindi angeweza kutueleza hayo kwa hesabu, ila tumbawe lilikuwa limeyaweka.

Sasa jambo lenyewe lililonifanya nishike kalamu.

Tarehe 26 Desemba 2004 ulikuwa hujazaliwa. Saa kumi kasoro dakika mbili alfajiri, kwa saa zetu, ardhi iliachia chini ya bahari, magharibi ya kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Gamba la dunia limegawanyika vipande vikubwa viitwavyo mabamba, na bamba la upande wa India huzama pale chini ya bamba jingine, sentimita chache kwa mwaka. Likikwama, nguvu hulimbikizana kwa mamia ya miaka. Siku ile ufa ulikimbia zaidi ya kilomita 1,200, tetemeko la ukubwa wa 9.1, na maji yakasafiri bahari kuu kwa mamia ya kilomita kwa saa. Sisi huku, hata aliyekuwa macho akingoja adhana, hakuhisi chochote.

Nilikuwa ufukweni mchana ule. Bahari ilikupwa wakati si wake, ikarudi kwa nguvu, ikakupwa tena, yote kwa muda mfupi. Mashua zilikata kamba. Ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa, mwezi mpevu, ila maji ya kawaida yalikuwa bado hayajajaa, na hilo lilitusitiri. Habari kutoka Asia zilikuwa zimeshafika, watu wakaondolewa pwani. Kenya alikufa mtu mmoja. Jirani zetu Somalia walikufa karibu 300, na jumla katika bahari nzima ilipita 220,000.

Wengi hapa wanasema lile lilikuwa la mara moja. Mwaka 2020 watafiti walitangaza walichokikuta Pangani, Tanzania, ng'ambo ya mpaka, karibu na mabwawa ya samaki. Chini ya matope kuna tabaka la mchanga wa bahari, na ndani yake mifupa ya watu ambao hakuna aliyewazika. Umri wake ni kama miaka 1,000, na upande wa Sumatra pia kuna mchanga ulioachwa na wimbi, wa umri unaokaribia huo. Wakati huo katika mji wa Shanga, kule kisiwani Pate, watu walikuwa wakiswali msikitini na kufanya biashara. Mimi sijapata kusikia utenzi wala hadithi ya wazee inayolisimulia wimbi hilo. Lilikuwa limesahauliwa hadi mchanga ulipochimbwa.

Tofauti na kisiwa cha Simeulue, karibu kabisa na chanzo cha tetemeko la 2004. Wao walipigwa na wimbi 1907, na wazee waliwafundisha watoto: ardhi ikitikisika sana na bahari ikikimbia, pandeni mlimani, msirudi kuokota samaki. Kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya 70,000. Waliokufa kwa wimbi ni saba.

Lakini wenzetu wale walitikiswa kwanza. Sisi hatutatikiswa. Wimbi la Sumatra lina saa nane au tisa za kutufikia, na katika saa hizo hakuna dalili yoyote Malindi itakayoonekana kwa macho. Tunategemea mitambo ya mfumo wa tahadhari wa Bahari Hindi, uliowekwa baada ya 2004 chini ya UNESCO, na tunategemea mtu wa kuielewa habari hiyo na kumfikishia kwa Kiswahili mvuvi aliye nje ya mwamba. Saa nane ni nyingi mno kwa anayejua. Ndiyo sababu siwezi kukubali aniambie mtu somo hili si letu.

Nikitamani kitu, natamani siku moja uchimbe matope ya mikoko ya Mida, au ya mlango wa Sabaki, uangalie kama lile tabaka la mchanga liko na huku. Likiwapo, tutajua maji yalifika wapi, na shule na hospitali zijengwe wapi.

Fomu ya chuo ilete Ijumaa niitie sahihi. Ya karo niachie mimi na mamako, na ami yako nitazungumza naye mwenyewe.

Babako,
Malindi