Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Nguzo zetu nne za waifai ya sola hapa Mtwara, mbili Magomeni, moja Chikongola na moja Shangani, bado zimesimama. Ila kuanzia Januari hadi Aprili, mvua zilipokolea, ile ya Chikongola ilikuwa inazima saa nne usiku, wanafunzi wakiwa ndiyo kwanza wamefungua daftari. Jambo hili limeniuma kuliko jingine lolote mwaka huu.

Fundi alipiga hesabu mbele ya kamati, tukaona tulikosea wapi. Kifaa cha kurushia mawimbi kinakula wati 10, yaani watisaa 240 kwa siku nzima (wati 10 mara saa 24). Jua likiwaka, paneli ya wati 100 inazalisha hizo na zaidi. Tatizo ni betri. Tulinunua za volti 12, ampea-saa 40: watisaa 480 kwenye karatasi. Lakini betri ya asidi ukiimaliza zaidi ya nusu kila mara, inakufa mapema. Kwa hiyo tulikuwa na akiba ya siku moja, na mawingu ya huku hufunga hata siku tatu. Tunahitaji ampea-saa 120.

Pia kulikuwa na mwembe. Seli za paneli zimeungana kwa mfuatano, kwa hiyo kivuli cha tawi moja hushusha umeme wa paneli nzima. Mama mwenye mwembe amekubali kupunguza matawi, na maembe yalikuwa bado mtini. Tunamshukuru sana. Shangani chumvi ilikula viunganishi. Vimebadilishwa na kupakwa grisi.

Mei 12 wengi mlinipigia mkidhani nguzo zimekufa. Zilikuwa zinawaka. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazoleta intaneti nchini, zilikuwa zimekatika, nchi nzima ikasumbuka. Sola inatupa umeme tu. Intaneti tunainunua, na anayetuuzia akikosa, nasi tunakosa.

Mmeomba nguzo ya tano, Ligula, kwa ajili ya ndugu wanaouguza pale hospitali. Naitaka pia. Lakini naomba michango ya 2025 inunue betri kwanza. Sitaki mtu anayesubiri habari za mgonjwa wake usiku akatiwe mawasiliano na nguzo yetu.

Mweka hazina atasoma mahesabu sasa hivi. Wenye ada za nyuma wamwone kabla hatujatawanyika.