Shukrani kwa muuguzi aliyempima Mama kumbukumbu, Kisumu

Dada muuguzi, jina lako sikulishika, ila nakushukuru hadharani. Tulimleta Mama kliniki kwa ajili ya presha tu. Wewe ndiye uliyesikia akirudia swali lile lile, ukavuta kiti ukaketi naye. Wengine walishatuambia ni uzee.

Ulimtajia maneno matatu ayashike, kisha ukampa karatasi achore uso wa saa, mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Namba zote zikajazana upande mmoja. Mama huyu aliyeuza samaki soko la Kibuye miaka yote bila daftari la madeni! Ulipomwuliza yale maneno, akakumbuka moja. Hukumharakisha wala kumsahihisha. Ulimwambia, "Asante, Mama," naye akatabasamu.

Ukatueleza kwamba kipimo hicho cha dakika chache peke yake hakithibitishi Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofifisha kumbukumbu. Kinaonyesha tu kuna jambo la kuchunguzwa. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, hata sonona, vyote huweza kuvuruga kumbukumbu, na vina tiba. Ukaandika rufaa siku hiyo hiyo.

Majibu yamekuja: ni Alzheimer, hatua za mwanzo. Haiponi, lakini ziko dawa za kupunguza makali ya dalili. Na kubwa zaidi kwangu, Mama bado anaweza kujiamulia mambo yake. Ameshaamua mwenyewe kuhusu shamba la Seme na nani atamshikia pesa zake. Tusingepata nafasi hiyo bila wewe.

Erokamano ahinya, yaani asante sana, dada. Mungu akuzidishie. Mama anakusalimu.