Barua kwa mwanangu anayetaka kuingia utawani

Mwanangu mpendwa, mama yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua wiki ya tatu hii unaangalia simu unasubiri baba aseme neno. Ulinitumia ule ujumbe saa nne usiku ukasema baba nataka kuingia utawani, nimeshaongea na sista wa miito, yule anayepokea wasichana wanaotaka kujiunga, na mimi nikajibu "nimeona" basi, nikanyamaza. Nisamehe kwa hilo. Mama yako kakuambia nimekasirika, sijakasirika hata kidogo, kuna kitu hapa nyumbani hatujawahi kukisema mbele yenu watoto na kila nikianza kukuandikia nafika hapo nafuta.

Shangazi yako alikuwa sista.

Ndiyo, huyu huyu wa Kiborloni anayewashonea sare za shule. Ukiwa mdogo uliwahi kuniuliza mbona shangazi anajua masifu ya jioni, zile sala za masista, yote bila kitabu, nikakujibu ni mambo ya kwaya. Haikuwa kwaya. Aliingia 1978 akiwa na miaka 17, akapita hatua za malezi, uaspiranti, upostulanti, unovisi, akaweka nadhiri za kwanza, zile ahadi kwa Mungu za ufukara, useja na utii, 1982, na akatoka 1987. Nimempigia juzi kumuuliza kama naweza kukuambia, akasema mwambie yote, usifiche hata langu hata lako.

Siku ya nadhiri zake nilikuwa na miaka 9. Babu yako alichinja ng'ombe, mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa ya kuogelea, watu wametoka Machame, Marangu, mpaka Rombo, mapadre wamekaa chini ya mgomba wanakula ndizi nyama na sisi watoto. Kuanzia siku ile mzee akaitwa Baba Sista, sokoni Baba Sista, kanisani Baba Sista, na alipenda lile jina kuliko lake la ubatizo.

Alafu likizo shangazi yako akija nyumbani alikuwa anatuletea makombo ya hostia, ile mikate myembamba ya komunyo. Wewe umezikuta hostia zinatoka kwenye paketi, lakini pale konventini kwao walikuwa wanaoka wenyewe, unga wa ngano na maji tu, uji unamwagwa kwenye chuma cha moto kinabanwa kama pasi, linatoka karatasi jembamba jeupe alafu ndo wanakata yale maduara. Zile pembe pembe zinazobaki, ambazo hazijafika altareni, ndo alikuwa anatufungia kwenye mfuko wa nailoni. Tulikaa kizingitini tunakula, haina sukari haina chumvi, inanata juu ya ulimi, na kwetu ilikuwa kitamu kuliko andazi. Nakumbuka vidole vyake, kwenye ncha vilikuwa na alama ndogo ndogo za kuungua, nyeusi, nikamuuliza dada inauma? akasema ukizoea unajua chuma kimefika kabla hakijakuunguza.

Kuamka kwao ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri, masifu, tafakari, misa, chai, alafu yeye anaenda chekechea na watoto sitini, mchana ng'ombe, jioni hostia, masifu tena, na kabla ya kulala sala ya mwisho. Kuna mwaka aliambiwa Jumatatu kwamba anahama, Jumatano yuko kituo kingine, watoto wake wa chekechea hata hakuwaaga vizuri. Hiyo ndo nadhiri ya utii mama, kwenye kadi ya sherehe ni neno moja la herufi nne, ila kwenye maisha ni Jumatano asubuhi.

Na nadhiri ya ufukara nayo nilikuja kuielewa siku uliyozaliwa wewe. Masika ya 2002, barabara ya huku Kibosho imekuwa tope tupu, umeme hakuna, mama yako kashikwa usiku tukaenda kwa miguu mpaka zahanati ya masista. Sista aliyeamka alikuwa mtu mzima tayari, kavaa sweta juu ya gauni la kulalia, shela kaifunga haraka haraka. Wewe ulitoka salama ila damu ya mama yako ikawa haikati. Yule sista alisimama anamkanda tumbo kwa mikono yake, sijui saa nzima, mwanga ni taa ya chemli niliyoshika mimi na mkono unanitetemeka, haongei na mtu, anasali midomo tu inacheza, alafu anasema "shusha taa", anaendelea. Damu ikakata. Asubuhi nikatoa elfu ishirini nikampa mkononi, akaukunja mkono wangu akaurudisha, akaniambia baba nenda dirishani ukakatiwe risiti. Nikamwambia hii ni ya kwako sista, akasema mimi sina ya kwangu. Na ni kweli, sista akiajiriwa, awe mwalimu awe muuguzi, mshahara unaingia kwenye mfuko wa shirika, yeye anaomba hata hela ya dawa ya meno. Kwaiyo nakuambia mapema, mjomba wako asije akakusumbua mambo ya ada za watoto wake eti kwa kuwa wewe ni sista masista wana hela. Akikupigia nipe mimi hiyo simu.

Nimeona umeweka picha ya Bakhita kwenye profaili. Nilikaa nikasoma habari zake. Mtoto wa Darfur kule Sudan, kazaliwa kama mwaka 1869, kaibiwa akiwa mdogo, kauzwa na kuuzwa tena mpaka akafika Italia, akabatizwa, akaingia kwa Masista Wakanosa. Alifariki 8 Februari 1947 na Papa Yohane Paulo II akamtangaza mtakatifu mwaka 2000. Watu wengi wanasimulia ile minyororo, lakini mimi nilikwama kwenye kile kipande cha pale Schio, mji wa Italia alikoishi utawani, kwamba kazi zake zilikuwa kupika, kushona, kudarizi na kufungua mlango. Kufungua mlango mama, miaka na miaka, kila anayebisha hodi yeye ndo anatoka. Nikamkumbuka yule sista na sweta lake.

Sasa nirudi kwa shangazi yako.

Alitoka 1987, hakufukuzwa na hakukimbia na mtu kama walivyosema. Muda wa nadhiri za daima, zile za maisha yote, ulikuwa umekaribia, na anasema alisali miaka miwili akaona yale maneno hawezi kuyatamka kwa moyo wote na hakutaka kumdanganya Mungu mbele ya altare. Mama Mkuu wao alimkumbatia, akampa nauli na cherehani ya mkono. Nilikuwa na miaka 14, nimetumwa stendi Moshi mjini kumpokea. Nikamwona anashuka kwenye basi, hana shela, nywele zimekatwa fupi, kabeba sanduku la bati na ile cherehani imefungwa kwenye kitenge. Pembeni walikuwepo wenzangu watatu wa shule. Mimi nikajificha nyuma ya kibanda cha magazeti. Nilimwangalia anageuka huku na huku ananitafuta, alafu akabeba sanduku kichwani na cherehani mkononi akaanza kupandisha peke yake. Nikafika nyumbani baada yake nikasema sikumwona.

Babu yako hakumsemesha miaka 11. Shangazi alikula jikoni na bibi, kanisani akikaa kulia mzee anahamia kushoto, mpaka akaenda kupanga Kiborloni na cherehani yake, akashona mpaka akaolewa huko huko. Mwaka 1998 mzee alipolala kitandani, aliyekuja kumwogesha na kumgeuza kila saa mbili ni yeye, maana masista walimfundisha kuhudumia wagonjwa. Siku moja mzee akanituma mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, nikakate sale, lile jani la kuombea msamaha. Mzee akampa shangazi yako lile jani mkononi. Unajua kwetu ukiletewa sale husemi hapana. Shangazi yako akapokea, akaenda akalipanda jikoni kwenye kopo, mzee akafariki baada ya wiki mbili.

Kwaiyo mwanangu, ruhusa yangu unayo, nenda, na ntakupeleka mimi mwenyewe. Lakini nataka uende unajua hili. Kanisa lenyewe halina haraka na wewe, limeweka unovisi usiopungua miezi 12, alafu nadhiri za muda si chini ya miaka mitatu kabla ya zile za daima, na hiyo miaka yote ni ya wewe kuliangalia shirika na shirika kukuangalia wewe. Ukifika katikati ukaona siyo, piga simu hata iwe usiku wa manane, ntakuja na gari ya kukodi mpaka getini, na hapa kihambani atakayekuangalia vibaya atanikuta mimi. Na ukifika mwisho ukaweka za daima nitachinja ng'ombe, ila Baba Sista sitaki kuitwa.

Shangazi yako anakuja Ijumaa kukupima ile sketi ya bluu wanayotaka, wewe ukitoka Arusha na basi la mchana mtakutana hapa. La stendi hajawahi kuligusa na mimi sijawahi kumwomba msamaha, miaka yote hii, nadhani anajua. Nitamwambia kabla hujafika, kwaiyo ukitukuta kimya usiogope.

Alafu nitumie ile orodha ya vitu, mama yako kasema kuna ndoo mbili, mashuka meupe na blanketi. Blanketi usinunue huko, ntaenda Mbuyuni Jumanne.

Baba yako