Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Wapo waliouliza kwa nini semina yetu ya mwaka huu ilihusu matumbawe, ilhali ziwa letu, Victoria, halina hata tumbawe moja. Swali ni halali, na nalijibu kabla ya mengine.

Tumbawe ni mnyama mdogo anayelishwa na mwani ulio ndani ya mwili wake. Bahari ikipata joto kupita kiasi kwa majuma kadhaa, mwani hutoka, tumbawe hubaki jeupe, na mengi hufa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998 katika pwani yetu ya Bahari ya Hindi. Baruti za wavuvi haramu nazo huvunja mwamba wa matumbawe ukawa vipandevipande vinavyoviringika, na hapo tumbawe changa halina pa kushika. Wataalamu hukuza matumbawe kwenye vitalu vya chini ya maji, kisha huyapandikiza. Kazi hiyo ni ghali, na hupotea bure kama hakuna samaki aina ya pono wa kula mwani mwingine, ule wa nje unaofunika mwamba. Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, walipiga marufuku uvuvi kwenye mwamba wao tangu 1994, na samaki wapo tele.

Kwa hiyo kinachoua huondolewa kwanza. Kupanda hufuata, tena pale tu ambapo maumbile yameshindwa kurudi yenyewe.

Huku kwetu sato huchimba kiota kwenye mchanga wa maji mafupi, na jike hulea mayai mdomoni. Kokoro, wavu unaokokotwa chini, likipita hapo, viota vimekwisha. Furu wa miambani, samaki wadogo wa ziwa letu, huchagua wenza kwa rangi. Udongo wa mashamba ukichafua maji hawatambuani, na aina zao huchanganyika. Jambo hilo limechunguzwa papa hapa Ghuba ya Mwanza, na linanihuzunisha kila nikiona jembe limefika ukingoni, ndani ya mita 60 zinazolindwa na Sheria ya Mazingira ya 2004.

Ndiyo maana kamati iliahirisha ununuzi wa miche ya mafunjo ya kupanda ukingoni, fedha zikaenda kwenye doria na vikao na wakulima. Palipobaki mizizi, mafunjo yanachipua. Palipong'olewa kabisa, tutapanda mwaka ujao.

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Michango ya mafuta ya boti ya doria bado inasuasua. Wenye madeni walipe.

Ajenda ya leo ina kura moja kubwa: kufunga mazalia ya ghuba yetu ndogo kwa mwaka mzima. Azimio hilo likipita, nitalipeleka kwa ofisa uvuvi wiki hii.